Tairi Huchaguliwa Ubavuni

Kuna jiwe moja upande wa kaskazini wa kreta ya Menengai, karibu na Nakuru, ambalo naweza kukupeleka hadi lilipo kwa usahihi wa sentimita mbili, kwa kuwa siku liliponipasulia tairi nilikuwa nimetoka kusimika kipokezi cha setilaiti hatua chache kutoka hapo, nacho kikaendelea kurekodi huku nikitafuta jeki. Mimi ni mpima ardhi. Naishi Kisumu, kwetu ni juu kidogo ya Kimilili kwenye miteremko ya Mlima Elgon, na wenye mashamba wanaonipa kazi wametapakaa kuanzia uwanda wa Kano hadi Mau Narok. Gari langu ni Prado ya mwaka 2008, ambalo hubeba watu watatu, vyombo, saruji ya kusimamishia alama za mipaka na, mwenye shamba akiridhika, gunia la viazi.

Tairi lile lilikuwa zuri kwa kulitazama. Meno yake yalikuwa bado marefu, hata kijana anayenisaidia kubeba vyombo alilipapasa akasema, "Mzee, hili si bado jipya?" Ubavuni, hata hivyo, palikuwa na mpasuko wenye urefu wa kidole cha shahada, na nyuzi zimetokeza ndani yake kama ncha ya kamba ya katani iliyokatika. Pancha ya usoni huzibwa kwa dakika kumi popote penye kibanda cha upepo. Ubavu ukipasuka hauzibiki kwa namna ya kuaminika, kwa sababu ndio sehemu inayojikunja na kujikunjua kila gurudumu linapozunguka, na kile kipande cha mpira ambacho mafundi wa barabarani hukibandika kwa ndani kisha wakatia tyubu hakifai kumfikisha mtu mbali zaidi ya duka la matairi.

Nilipolivua ndipo nikasoma upande uliokuwa umegeukia ndani ya gari. Baada ya herufi za DOT kuna mfululizo wa alama, na tarakimu nne za mwisho ndizo tarehe ya kuzaliwa kwa tairi: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Langu lilisomeka 1416, yaani wiki ya 14 ya mwaka 2016, ilhali duka moja lilikuwa limeniuzia mwaka 2022 kama tairi jipya, likiwa bado na vile vinywele vya mpira usoni. Kuanzia siku ile sinunui tairi bila kuinama na kusoma tarakimu hizo, na kama zimefungwa upande wa ndani naomba ligeuzwe. Siwezi kuapa kwamba umri ndio uliolipasua, kwa kuwa jiwe lile lingeweza kulitoboa hata tairi la wiki iliyopita lenye ubavu mwembamba, na hapo ndipo nilipoanza kufikiri upya jinsi nilivyokuwa nikichagua.

Nilikuwa nikichagua kwa meno, kama wengi wetu. Tairi likiwa na meno makubwa tunaona gari limekuwa la kiume, na gari lenyewe hushinda wiki nzima likitoka Milimani kwenda mjini na kurudi. Basi kabla ya kununua mengine nilifanya jambo ambalo ni la kikazi zaidi: nilifungua daftari, na kwa miezi mitatu nikaandika kila siku nimekanyaga nini. Jumla ilikuwa kilomita 5,900. Lami ilichukua 3,900, changarawe na njia za mawe 1,760, na matope ya kweli, yale ya kumfanya mtu ashuke aangalie kabla ya kuingia, yakachukua 240. Kama ungeniuliza kabla ya hapo, ningekuapia kwamba nusu ya maisha yangu imepita kwenye matope. Matope hukumbukwa zaidi kwa sababu yanachelewesha.

Matairi ya magari ya 4x4 hugawanywa katika makundi matatu kwa herufi. H/T ni ya barabara kuu: meno yameshikana, mifereji ni myembamba, hayapigi kelele. M/T ni ya matope: meno makubwa yaliyoachana kama kinywa chenye mwanya, mifereji yenye kina cha milimita 15 hivi, na mngurumo ambao abiria wa nyuma huulalamikia kabla hamjafika Ahero. A/T ni ya kila ardhi na imekaa katikati. BFGoodrich walitoa A/T yao mwaka 1976, na leo karibu kila kampuni ina yake, kuanzia Geolandar ya Yokohama hadi Dueler ya Bridgestone. Tatizo ni kwamba herufi hizo mbili zimefunika vitu vilivyo mbali sana. Kuna A/T ambayo ni H/T iliyochongwa mabega kidogo ili ipendeze, na kuna A/T ambayo inakaribia kuwa M/T. Ukimwambia muuzaji "nipe A/T" hujamwambia kitu. Ni kama kumwambia mwenye hoteli akupe samaki bila kusema ni omena au mbuta.

Njia zangu zina udongo wa aina tatu, na kila mmoja unadai kitu chake. Udongo mwekundu wa miteremko ya Elgon, ukinyeshewa, huteleza juu tu. Chini ya utando ule wa utelezi kuna ardhi ngumu, hivyo tairi lenye kingo nyingi, hasa vile vichanjo vyembamba vilivyokatwa juu ya kila jino, hukwaruza utando huo na kushika chini. Hapo A/T ya wastani hufanya kazi yake vizuri kabisa. Uwanda wa Kano ni habari nyingine. Udongo wake mweusi ni mfinyanzi unaovimba ukinywa maji na kupasuka nyufa ukikauka, na ukilowa hunata kwenye meno, ukajaza mifereji, na baada ya mizunguko mitatu minne gurudumu huwa duara laini lisilo na jino hata moja. M/T hujitahidi kidogo zaidi, kwa kuwa mwanya mpana hurusha udongo gurudumu likizungushwa kwa kasi, lakini chini ya udongo ule hakuna sakafu ya karibu ya kushika. Wanaoujua hufunga minyororo, au husubiri jua. Mimi husubiri jua, na mteja huambiwa hivyo siku ya kwanza.

Aina ya tatu ni mawe ya Bonde la Ufa, yaliyotapikwa na volkano na kuvunjika kwa kingo kali, pamoja na changarawe mpya inayomwagwa barabarani kabla ya kushindiliwa, ambayo kwa maoni yangu imeua matairi mengi magharibi mwa Kenya kuliko matope yote. Jiwe halijali una jino la umbo gani. Linatafuta ubavu, hasa pale tairi linaposhuka kutoka kwenye ukingo wa njia na kujikwangua kando. Nilipolinganisha daftari na matairi niliyowahi kuyapoteza, niliona kwamba sikuwahi kupoteza hata moja kwa kukosa meno. Yote yaliondoka kwa ubavu, isipokuwa moja lililoliwa upande mmoja kwa uzembe wangu wa kutopima alaimenti, yaani kama magurudumu yamenyooka.

Kwa hiyo nilianza kusoma ubavu. Tairi la ukubwa wangu huandikwa 265/65R17: upana wa milimita 265, kimo cha ubavu ambacho ni asilimia 65 ya upana huo, na rimu ya inchi 17. Baada ya hapo huja nambari ya mzigo na herufi ya mwendo. 112S ina maana kila tairi linaweza kubeba kilo 1,120 na kwenda hadi kilomita 180 kwa saa, jambo ambalo malori yanayojazana kwenye barabara ya Salgaa hayatakuruhusu hata kuliota. Ukubwa huohuo ukitanguliwa na herufi LT huwa tairi la malori mepesi, na nambari yake hupanda hadi 120, yaani kilo 1,400. Mara nyingi uimara huo hutokana na tabaka zaidi za nyuzi, na baadhi ya kampuni huweka tabaka tatu ubavuni badala ya mbili. Ukitaka kujua, soma maandishi madogo karibu na rimu. Yanataja idadi ya tabaka za usoni na za ubavuni na zimetengenezwa kwa nini. Muuzaji akikuambia "hili ni gumu, bosi", mwombe tochi.

Wengi hawahitaji LT. Gari linalobeba familia kwenda kanisani na kurudi nyumbani Krismasi litakuwa gumu bila sababu. Mimi niliona saruji, vyombo na mawe ya Menengai vinanielekeza huko, nikaenda nikijua nitalipa. Na nimelipa. Safari ya kwanza ya kumpeleka mama hospitalini Webuye, kabla hatujafika lami alishika mpini wa mlangoni akasema, "Mwanangu, gari hili lilikuwa na godoro. Umeliuza?"

Fundi wangu ana karakana Kibuye, na ni yeye aliyenizuia nisiongeze ukubwa. Nilikuwa nimeshawishika na 265/70R17, ambayo watu wengi wenye Prado huipenda kwa sababu hujaza nafasi ya bodi na kulifanya gari lionekane limesimama. "Bwana savea," akaniambia, "wewe ndiye mwenye futi. Piga hesabu kwanza, tusije tukakata plastiki bure." Nikapiga. Kipenyo hupanda kutoka milimita 776 hadi 803, lakini gari huinuka kwa nusu ya tofauti hiyo tu, yaani milimita 13, unene wa kidole. Kwa hicho kidole spidomita itasema 100 nawe uko kwenye 103, injini itaona gia zote zimekuwa ndefu kidogo kwenye mlima wa Londiani, na ukikata kona kali kwenye shimo tairi linaweza kugusa plastiki ya ndani. Nikabaki na ukubwa wa kiwandani. Kwa gari lingine na kazi nyingine huenda hesabu hiyo ikawa na majibu tofauti, lakini naomba ipigwe kabla ya pesa kutoka.

Nililipa shilingi 27,500 kwa kila tairi na nikanunua matano, A/T za LT. Jirani ya karakana kuna mama anayenunua mahindi, na kwa ruhusa yake tuliweka tairi moja kuukuu la H/T kwenye mizani yake ya magunia: kilo 15. Tukaweka jipya: kilo 21. Alitutazama akauliza kama sasa matairi yanauzwa kwa kilo. Tofauti ya kilo 6 kwa kila gurudumu si ndogo, kwa maana uzito unaozunguka lazima usukumwe gari linapoondoka na uzuiwe breki inapokanyagwa, na springi hazisaidii kuubeba. Daftari langu linaonyesha kwamba gari lililokuwa likienda kilomita 8.6 kwa lita moja sasa linaenda 8.1. Tena mpira wa A/T nyingi umetengenezwa usichunwe na mawe, na kwenye lami iliyolowa breki huhitaji nafasi zaidi kuliko zilivyohitaji kwa H/T. Anayeijua mvua ya alasiri ya Kericho, pale barabara inapopinda katikati ya majani chai na mvua ya mawe inapoamua kujiunga, ataongeza umbali kati yake na matatu iliyo mbele. Matairi yangu mapya yamechapwa alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, uthibitisho kwamba yamefaulu jaribio la theluji. Fundi aliuliza ile ni nembo ya Mlima Kenya.

Kwa nini matano, na kwa nini yote kwa mpigo? Prado langu husukuma magurudumu yote manne wakati wote, na kati ya mhimili wa mbele na wa nyuma kuna difa inayoruhusu tofauti ndogo ya mizunguko. Tofauti hiyo ikiwa ya kudumu, difa hufanya kazi bila kupumzika. Nilizungusha futi ya kitambaa kwenye tairi jipya, kisha kwenye kuukuu la aina hiyohiyo ambalo meno yake yalikuwa yamepungua milimita 7: mzingo ulitofautiana kwa milimita 44, sawasawa na hesabu inavyodai. Haionekani kuwa kitu, ila tairi la mzingo wa mita 2.44 huzunguka mara 410 kwa kilomita, na lile lililolika huzunguka zaidi ya mara 7 juu ya hizo. Kutoka Kisumu hadi Nakuru ni mizunguko mingapi hiyo ambayo difa inaisawazisha peke yake? Kwa magari kama Hilux, ambayo mhimili wa mbele huunganishwa tu dereva akitaka, hakuna hiyo difa ya katikati, na ukiunganisha ukiwa na matairi ya mizingo tofauti kwenye ardhi ngumu, gia ndizo zinazosokotwa. Kwa hiyo desturi ya kununua mawili leo na mawili "tukivuna" huishia kuwa ghali. La tano, lile la mlango wa nyuma, nalo huingia kwenye mzunguko kila kilomita 8,000, ili yote yazeeke pamoja na ili siku ya jiwe jingine spea isiwe ngeni kwa wenzake.

Nusu ya tairi, hata hivyo, ni upepo, na hapa ndipo naona watu waliolipa vizuri wakiharibu walicholipia. Kibandiko cha mlangoni mwa gari langu kinasema paundi 29 za upepo kwa inchi ya mraba, lakini kiliandikwa kwa ajili ya matairi ya kiwandani. LT huhitaji upepo zaidi ili kubeba mzigo uleule. Nilianza na 36 kwenye lami na kujikagua kwa njia wanayoitumia madereva wa safari ndefu: napima asubuhi tairi likiwa baridi, naendesha nusu saa, napima tena. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja sana, hupata joto, na joto hupandisha kipimo. Kikipanda zaidi ya paundi 6 kwenye LT, au 4 kwenye tairi la kawaida, ulianza chini mno. Kutoka Kisumu, mita 1,130 hivi juu ya bahari, hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700, kipimo chenyewe hupanda kama paundi 2 kwa sababu hewa ya nje imepungua nguvu, ingawa baridi ya kule hukirudisha chini. Mpima ardhi hufurahia mambo kama haya, wengine wanaweza kuyaruka.

Kwenye changarawe nashuka hadi 27. Wengi huogopa, wakidhani tairi legevu ndilo linalotobolewa. Tairi lililojazwa sana hupiga jiwe kama ngoma na jiwe huingia. Lililolegea kidogo hulizunguka na kulimeza. Alama ya tairi ardhini hurefuka kwenda mbele na nyuma, hivyo meno mengi zaidi hushika kwa pamoja, na matuta yale madogo yanayotetemesha gari zima hupoa. Sharti ni kupunguza mwendo, kwa sababu ubavu sasa umetokeza zaidi kando na joto linapanda. Kwenye matope nashuka hadi 20, na sijashuka chini ya 15, kwa kuwa hapo ukikata kona kwa nguvu tairi laweza kuchomoka kwenye rimu. Kabla ya kurudi lami najaza, bila ubishi. Pampu ndogo inayofungwa kwenye betri huchukua dakika kama nne kwa tairi moja, muda ambao kijana wangu huutumia kumaliza chai iliyobaki kwenye chupa.

Mwezi wa nne nilikwama Kano pamoja na matairi haya yote. Mteja alikuwa amenihakikishia kwamba njia imekauka, nami nikaona ukoko wa juu umegeuka kijivu, nikaingia kwa upepo wa 20, nikaenda mita 60. Ukoko ulikuwa wa unene wa mkate. Trekta la mpunga lilituvuta, na dereva wake, mzee mwenye kofia ya sufu katika jua lile, alizunguka gari mara moja, akagonga tairi kwa buti, akauliza bei. Nilipomwambia, alicheka hadi akaushika usukani, kisha akaniomba nihamishe gari kando kwa sababu bado alikuwa na pikipiki mbili za kuvuta.

Jumamosi iliyopita kilomita 8,000 zilitimia na tukaketi Kibuye na kipimo cha kina. Yalianza na milimita 12. Matatu yamebaki 10.8, la spea halijaguswa, na la nyuma kushoto limebaki 10.3, likiliwa zaidi ukingo wa nje. Fundi anasema ni bushi ya mpira ya mkono wa nyuma imechoka. Mimi nadhani ni uzito wa saruji, ambayo kijana huipakia upande uleule kila siku kwa kuwa ndio ulio karibu na mlango wa stoo. Tumekubaliana ahamishe saruji kwa mwezi mmoja kabla hatujafungua chochote, na tairi hilo limekwenda kupumzika mlango wa nyuma.